Sukari ku kazi: sindano si ya kuficha

Ndugu zangu wafanyakazi, na ninyi mama wenye munatungojea ku nyumba, sisi wa sendika tunazoea kuwasemesha juu ya mushahara, juu ya bote na kofia, juu ya mavumbi ya mawe. Leo tuseme juu ya kantu kadogo kenye kanaenea mu mufuko wa shati: sindano ya insulini. Katika ekipi zetu, Kolwezi, Likasi, Kambove, Kipushi na Lubumbashi, kuko watu wenye wanaipiga kila siku, asubui na magaribi. Wengi wanaipiga kwa kujificha, ndani ya choo ao nyuma ya kontenere. Wengine wanairuka kabisa ili shefu asione. Mimi nasema hivi: kule kujificha kunaua watu kupita ukosefu wa frigo.

Insulini ni nini?

Kila mutu mwenye afya anajitengenezea insulini yake mwenyewe, ndani ya kongosho, kiungo chenye kiko nyuma ya tumbo. Kazi yake ni kama ya ufunguo. Tukikula bukari, sukari ya ile bukari inaingia mu damu, na insulini njo inafungua mulango ili sukari itoke mu damu na iingie mu mwili, itupe nguvu ya kushika jembe. Ufunguo ukikosekana, sukari inabakia paka mu damu. Mutu anakunywa maji bila kushiba, anaamuka usiku kila saa kwenda kukojoa, anakonda ijapokuwa anakula, na macho yanaanza kuona ukungu.

Kuko aina mbili kubwa. Ya kwanza inakamata zaidi watoto na vijana: mwili hautengeneze tena insulini, na bila sindano mutoto hapone. Ya pili inakamata zaidi watu wazima: insulini iko, lakini haitoshe ao haifanye kazi vizuri. Hao wengi wanaanza na vidonge, na kiisha miaka fulani munganga anawaingiza ku sindano. Hapa watu wanasema kama sindano njo mwisho, kama mutu akianza kuipiga atakufa. Sivyo. Wenye wanakufa ni wale wenye wanaanza kwa kuchelewa, ao wanaiacha katikati.

Mbele ya mwaka 1921, hata mutoto wa tajiri wa Ulaya alikuwa anakufa na ugonjwa huu. Mwaka ule, kule Toronto katika Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata namna ya kutosha insulini mu kongosho ya nyama. Tarehe 11 Januari 1922, kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, alipigwa sindano ya kwanza. Wenye kuivumbua waliachia universite ya Toronto haki yao kwa dolari moja moja, kwa sababu walitaka dawa hiyo ifikie watu wote. Imepita miaka zaidi ya 100, na mpaka leo, hapa kwenye tunatosha shaba na kobalti ya dunia nzima, kuko mama mwenye anazunguka famasi tatu na karatasi mu mukono, anatafuta chupa moja.

Na wale ni wenye wanajua ugonjwa wao. Mwaka 2021, Shirikisho la Kimataifa la Diabeti lilihesabu watu wazima karibu milioni 24 wenye ugonjwa wa sukari katika Afrika, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wanajua kama wanao.

Frigo haiko, nifanye nini?

Ulizo hili njo linarudi kila mara. Umeme unakatika siku mbili, siku tatu, na mu mitaa mingine haujafika hata siku moja. Mutu anasema: kama sina frigo, bora niache. Hapana. Tusikie vizuri.

Chupa yenye haijafunguliwa, nafasi yake nzuri ni mu frigo, kati ya digri 2 na 8. Kama ku nyumba frigo haiko, mutu anaweza kuacha akiba yake ku kituo cha afya, ku parokia, ao kwa jirani mwenye umeme wa kusimama, na anachukua chupa moja moja. Chupa yenye umekwisha kufungua, yenyewe inaweza kukaa inje ya frigo karibu wiki nne, kama iko fasi ya kivuli na haipate moto mwingi.

Hilo si neno la barabarani. Médecins Sans Frontières pamoja na Universite ya Geneva walipima joto ndani ya nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini ya Kenya, fasi ya joto kali kupita kwetu. Walikuta joto linapanda na kushuka kati ya digri 25 na 37. Wakachukua insulini, wakaiweka katika joto la namna ile ile kwa wiki nne, kisha wakaichunguza: nguvu yake ilibakia. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Sasa sisi wa Katanga ya juu, wenye tunatetemeka baridi mwezi wa sita na wa saba, tuache sindano juu ya frigo?

Na kuko frigo ya mababu. Chukua nyungu kubwa ya udongo, uingize nyungu ndogo ndani, katikati yake ujaze muchanga. Umwangie muchanga maji asubui na magaribi, na ufunike na kitambaa chenye maji. Chupa uiweke kwanza mu kabwata kakavu kenye kufungwa vizuri, ili maji yasiiguse, halafu mu nyungu ndogo. Weka yote fasi yenye kivuli na upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Wakati wa kiangazi inafanya kazi vizuri. Wakati wa mvua nguvu yake inapungua, kwa sababu hewa imekwisha kujaa maji. Hapo ongeza upepo na kivuli, na usiweke akiba ya miezi mingi.

Mambo tatu ya kukatala kabisa. Moja, usiweke insulini mu kongelateri, wala usiibandike ku ukuta wa barafu: ikiganda mara moja imekufa, hata ikiyeyuka. Mbili, usiiache mu kabini ya lori yenye imesimama ku jua, wala karibu na mbabula, wala chini ya manjanja yenye haina plafo. Tatu, ukiona ile yenye ilikuwa safi kama maji imechafuka, ao ile ya rangi ya maziwa imeshikamana ku kioo ama inafanya vipande, usiipige. Rudisha ku famasi.

Angalia namba ku chupa

Hapa kuko hatari yenye watu wengi hawajue. Insulini nyingi za leo zina yuniti 100 katika mililita moja. Lakini kuko inchi zenye zinatengeneza chupa za yuniti 40, na chupa inaweza kupita mupaka mu sanduku ya mufanyabiashara. Kila chupa ina seringi yake. Mara nyingi seringi ya 100 ina kifuniko cha rangi ya machungwa, ile ya 40 kifuniko chekundu, lakini usiamini rangi peke yake: soma namba ku seringi na namba ku chupa. Ukivuta dawa ya 100 na seringi ya 40, mpaka ku alama ile ile yenye umezoea, unajipiga mara mbili na nusu. Hiyo inaweza kuangusha mutu palepale. Namba zikiachana, usipige, uliza munganga.

Na hesabu ya nyumba iko hivi. Chupa ya mililita 10 ya 100 ina yuniti 1000. Mwenye anapiga yuniti 40 kila siku, chupa inamutosha siku 25. Asingojee siku ya 25 ili aanze kutafuta ingine. Atafute tangu siku ya 15, wakati mushahara ungali, kwa sababu famasi inaweza kukosa.

Namna ya kupiga

Munganga njo anapanga kiasi, si jirani mwenye ugonjwa mumoja na wako. Lakini namna ya kupiga tunaweza kukumbushana.

Nawa mikono. Ile insulini ya rangi ya maziwa, uizungushe polepole katikati ya viganja mara kumi mpaka makumi mbili. Usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Vuta hewa mu seringi kiasi kimoja na dawa yenye utavuta, uiingize mu chupa, kisha geuza chupa na uvute dawa. Tosha mapovu. Shika ngozi kidogo, ingiza, sukuma polepole, hesabu mpaka kumi mbele ya kutosha sindano.

Fasi za kupiga ni tumbo, mapaja, matako na mukono wa juu. Usirudie fasi moja kila siku, juu ngozi inafanya mafundo, na dawa yenye inaingia mu fundo haiende vizuri mu damu. Na kwa sisi wenye kazi ya nguvu: kama utaenda kupakia mifuko ao kupiga jembe, usipige mu mukono ao mu paja lenye litafanya kazi. Nyama ikitumika, dawa inakimbia mu damu mbio kupita namna ulipanga. Tumbo njo bora siku ya kazi.

Sindano imetengenezwa kwa kutumika mara moja. Tunajua kama mu nyumba nyingi inarudiliwa, kwa sababu ya feza. Kama umekosa namna ingine, iwe ya mutu mumoja tu, ifungwe na kifuniko chake, na itupwe wakati ncha inaanza kuuma. Lakini kuazimana sindano, hata na ndugu wa tumbo moja, hata na bibi yako, hapana: VIH na ugonjwa wa maini zinapita mule. Zenye zimetumika uzitie mu chupa ya plastiki ngumu, ile ya mafuta, na ikijaa upeleke ku kituo cha afya. Usizitupe mu takataka. Watoto wetu wanachezea mule.

Hakulewa, sukari imeshuka

Insulini na chakula vinatembea pamoja. Ukipiga insulini na chakula kikachelewa, ama kazi ikawa nguvu kupita siku zote, sukari inashuka. Chini ya 70 mu kamashini ka kupima ni hatari. Mutu anatoka jasho la baridi, anatetemeka, moyo unapiga mbio, anachanganya maneno, anayumba, anakasirika bila sababu. Mwenye hajue ataapa kama huyu amekunywa lutuku.

Nakumbuka mwenzetu mumoja, dereva wa mashini kubwa mu kompani moja ya huku. Jina la mutu na la kompani naziacha. Alikuwa amejipiga sindano saa kumi ya usiku, mbele ya kungoja basi. Basi ilichelewa, chakula hakukula. Kufika ku mulango wa kazi alikuwa anayumba. Walinzi walimupulizisha kamashini ka pombe: hakakuona kitu. Hata hivyo walimurudisha, na barua ya lawama ikaandikwa. Mama mumoja mwenye anauzisha vitumbura inje ya lupango alimupa chai yenye sukari mingi, na kiisha dakika chache mutu akarudi kuwa mutu. Ilituomba wiki tatu, na karatasi ya munganga, ili ile barua ipasuliwe. Katika ekipi yake hakuna hata mumoja mwenye alikuwa anajua ugonjwa wake. Kama ile sukari ilishuka saa moja nyuma, akiwa juu ya mashini, leo tungekuwa tunasema juu ya kilio.

Basi jueni dawa yake. Vijiko vidogo tatu ao vine vya sukari ndani ya maji, ama nusu ya chupa ndogo ya sukre, Fanta ao Coca ya kweli, si ile ya bila sukari. Ngojeni dakika 15. Kama haijaacha, mupeni tena. Akipata nafuu, akule kitu chenye kukaa: bukari, mukate, ndizi. Kama amezimia, musimutie kitu mu kinywa, atapaliwa. Mumulaze ku ubavu na mukimbize hospitali.

Kwa ile sababu, mwenye sindano asitoke ku nyumba bila sukari mu mufuko. Asijipige kama chakula hakiko karibu. Ile insulini ya mbio inapigwa dakika 30 mbele ya kula, si mbele ya kupanda basi. Akihamishwa ku posti ya usiku, arudie munganga ili saa za sindano zipangwe upya. Na pombe juu ya tumbo tupu ni mutego: inashusha sukari kiisha saa mingi, wakati mutu amekwisha kulala.

Homa ikija, usiache sindano

Upande mwingine ni sukari kupanda sana. Mutu anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu, kinywa kinanuka kama matunda yenye yameoza. Huku kwetu watu wanasema ni malaria, ama amepewa sumu, ama ni bulozi. Wanamupa dawa ya malaria, ao wanamufungia mu chumba cha maombi, na sindano wanaiacha juu hakule. Hilo njo kosa kubwa. Wakati wa homa mwili unaomba insulini zaidi, hata kama kinywa kimekatala chakula. Usikate sindano, kunywa maji mingi, pima sukari mara kwa mara, na kama imepita 250 na unatapika, enda hospitali siku ile ile. Ukifika, sema mbele ya yote kama uko na ugonjwa wa sukari, kwa sababu kinini yenye inawekwa mu serumu inaweza kushusha sukari, na munganga anapaswa kuchunga.

Maombi si mabaya. Mimi pia nasali. Lakini kuomba na sindano mu mukono ni kuomba pia. Kufunga kavu siku tatu, bila chakula wala maji, hiyo si ya mwenye insulini.

Na tusisahau kifua na miguu. Mwenye ugonjwa wa sukari ana hatari ya kifua kikuu mara mbili mpaka tatu kupita mwenzake, na mavumbi ya mawe nayo inaleta ile hatari. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe. Bote ikukunjie ngozi bila wewe kusikia, kidonda kinaoza. Kila magaribi vua, nawa, angalia mpaka katikati ya vidole.

Nini tunaomba

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema wazi: mwenye kazi anapaswa kutunza mufanyakazi na familia yake wakati wa ugonjwa, na dawa ziko ndani. Insulini ni dawa. Seringi na bandeleti za kupima nazo zinakwenda pamoja, kwa sababu kila kamashini kanakubali paka bandeleti zake, na bila kupima mutu anapiga kama kipofu. Ugonjwa unasimamisha mukataba, haiuvunje palepale. Basi madelege waombe, kwa maandishi, mambo hizi:

Insulini ya kutosha miezi miwili iwe kila mara mu famasi ya kompani, na frigo yenye haitegemee umeme wa muji peke yake.

Kila sanduku ya dawa ya haraka iwe na sukari ndani. Hiyo ni bei ya chai.

Mwenye kupiga insulini apewe dakika kumi na fasi safi ya kujipiga na kula.

Kama munganga anaona kama mutu asiendeshe tena mashini kubwa, abadilishwe kazi bila kushushwa daraja. Tusidanganyane: kuko kazi zenye hatari kwake na kwa wenzake. Lakini watu wanajificha kwa sababu wanajua kama akisema ukweli atapoteza mukate. Ogopa hiyo ikiisha, kujificha kutaisha pia.

Na mwenye anafanya kazi mu kompani ndogo, zile zenye zinakamata kazi chini ya kompani kubwa, asiachwe inje: sheria ni moja, tena mavumbi ni moja. Ndugu zetu wa karieri, wenye hawana mukataba, waanze na kasha ya kooperative. Chupa moja ya akiba na paketi ya sukari karibu na shimo vinaweza kuokoa mutu.

Tarehe 14 Novemba, siku Banting alizaliwa, ni siku ya ugonjwa wa sukari mu dunia nzima. Madelege, tangu sasa ombeni siku hiyo kupimwa kwa ekipi nzima, na mama na watoto wa lupango. Tone moja la damu, dakika moja.

Na kesho asubui, mu basi, mwenye sindano amwambie mutu mumoja tu, ule mwenye anakaa karibu naye ku kazi. Amuonyeshe sukari iko mu mufuko gani. Na wewe mwenye utaambiwa, usiitangaze mu kantini. Siku utaona mwenzako anayumba, mupe sukari kwanza. Maulizo itakuja nyuma.